Urefu wa punje si harufu: siri iliyofichwa ndani ya mchele

WAHENGA walisema haba na haba hujaza kibaba. Vijana wa siku hizi huenda hawajui kwamba kibaba kilikuwa chombo cha kupimia nafaka, na vibaba vinne vilijaza pishi moja. Lakini kuna jambo ambalo methali hiyo iliacha bila kulitaja. Je, kila punje inayoingia kibabani ni sawa na mwenzake?

Mama yeyote anayekwenda sokoni atakujibu mara moja kwamba la, si sawa. Atakuonyesha gunia la pishori lenye punje ndefu zilizochongoka, na kando yake gunia la mchele wenye punje fupi na nene. Bei zao ni mbingu na ardhi. Mwenye duka naye atachota konzi moja, aiachie polepole kutoka kiganjani, na kukuambia, "Tazama urefu huu, mama. Huu ni pishori asilia."

Leo nataka tujiulize swali ambalo mwenye duka huyo pengine hajawahi kuulizwa. Punje ilipata wapi urefu wake? Nani aliiamuru iwe ndefu, na mwenzake awe mfupi kama kidole gumba? Na je, ni kweli kwamba urefu ni ushahidi wa pishori? Jibu litamfaa mwanafunzi anayesoma biolojia, na litamfaa hata zaidi mzazi anayetoa pesa mfukoni kila mwisho wa mwezi.

Nyumba hujengwa kabla ya mpangaji

Lugha yetu ni tajiri katika jambo hili. Mzungu ana neno moja tu, lakini sisi tunaotumia Kiswahili tunao mpunga ukiwa shambani, mchele ukishakobolewa, na wali ukishaiva. Hatujasahau kumvi, ambazo ni maganda ya nje, wala wishwa unaotoka kinuni, wala chenga, yaani punje zilizokatika.

Katika kisa hiki mhusika mkuu ni kumvi. Wengi wetu huziona kuwa takataka za kuwashia moto au kutandikia kuku. Kumbe ndizo zinazoamua punje itakuwa na ukubwa gani.

Mambo huwa hivi. Kabla ya ua la mpunga kufunguka, mmea hutengeneza vifuniko viwili vidogo vinavyokumbatiana. Vifuniko hivyo ndivyo vitakavyokuja kuitwa kumvi. Ua likishachavushwa, wanga huanza kumiminwa ndani, mwanzoni ukiwa kama maziwa, kisha kama uji, na mwishowe unakauka na kuwa punje ngumu. Punje hujaa mpaka inagusa kuta, na hapo basi. Haiwezi kupita kumvi zake, kama vile mpangaji asivyoweza kulala nje ya kuta za chumba alichokodi.

Ndiyo maana ukubwa wa punje haubadiliki ovyo ovyo. Mkulima akikosa maji au mbolea, mmea wake utatoa masuke machache, na punje nyingine zitabaki pepe, tupu ndani. Lakini punje iliyojaa vyema itakuwa na urefu ule ule wa ukoo wake, iwe imekuzwa Mwea, Ahero au Tana Delta. Mtu anayetaka kubadilisha urefu wa punje hana budi kubadilisha ramani ya nyumba. Na ramani hiyo imo ndani ya jeni.

Herufi moja tu

Tukumbushane kidogo. Kila seli ya mmea ina maagizo ya urithi yaliyoandikwa kwa kemikali iitwayo DNA. Maandishi yake yana herufi nne tu, ambazo wanasayansi huziita A, T, G na C. Katika mpunga, maagizo hayo yamefungwa katika jozi 12 za kromosomu. Mwaka 2005 wanasayansi wa mataifa kadhaa, Japani ikiwa mstari wa mbele, walitangaza kwamba wameyasoma yote, na wakakadiria kuwa yana herufi milioni 389 hivi. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye agizo moja, aghalabu agizo la kutengeneza protini fulani.

Sasa ajabu iko hapa. Ungedhani kwamba jeni za ukubwa ni zile zinazouambia mmea, "Kua! Kua!" Zipo za namna hiyo. Lakini baadhi ya zile mashuhuri zaidi hufanya kazi kinyume chake. Huuambia mmea, "Inatosha, komea hapo."

Mfikirie nyapara katika mjengo. Mafundi wanapandisha ukuta, na kazi ya nyapara ni kutazama ramani na kusema, "Basi, wekeni vifaa chini." Siku nyapara akiugua na asifike kazini, mafundi wataendelea kupanga mawe na nyumba itazidi kipimo. Hivyo ndivyo punje kubwa zilivyopatikana. Mahali fulani, wakati fulani, nyapara wa mmea mmoja wa mpunga aliharibika.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, katika mji wa Wuhan nchini China, walitangaza kwamba wamempata nyapara wa urefu. Walimwita GS3, naye anaishi katika kromosomu ya 3. Walilinganisha mpunga wa punje ndefu na ule wa punje fupi, wakagundua tofauti ya herufi moja tu. Pale palipokuwa na C pamekaa A. Herufi hiyo moja iligeuza neno lililokuwa likisema "weka kiungo hiki" likawa linasema "sentensi imekwisha." Protini ikakatika katikati, nyapara akapoteza nguvu, na kumvi zikarefuka.

Mwaka uliofuata, 2007, watafiti wa Shanghai walitoa habari za nyapara wa upana, GW2, aliye katika kromosomu ya 2. Kazi ya huyu ni kuzipa alama baadhi ya protini ili seli iziharibu. Katika mpunga mmoja wenye punje kubwa kupita kiasi, herufi moja ilikuwa imedondoka ndani ya jeni hiyo. Ukitaka kujua madhara yake, chukua sentensi yoyote, ondoa herufi moja mwanzoni, kisha usogeze zote zinazofuata huku ukiziacha nafasi za maneno palepale. Utabaki na maneno yasiyo na maana. Mafundi wa upana wakakosa msimamizi, seli zikaongezeka, na punje ikanenepa.

Mwaka 2008 ikawa zamu ya Wajapani, katika mji wa Tsukuba. Walichunguza ni kwa nini mpunga wao wa asili una punje fupi na pana, wakati jamaa zake wa India wana punje nyembamba. Waligundua kwamba katika kromosomu ya 5 ya mpunga wa Japani kuna kipande kizima cha herufi 1,212 kilichotoweka. Waliipa sehemu hiyo jina la qSW5. Yaelekea wakulima wa kale waliokota punje hizo nene, wakazipenda, na kuzihifadhi kwa mbegu, msimu baada ya msimu, hadi zikatawala mashamba.

Ningependa wasomaji walishike jambo hili, kwa sababu kila tunapotaja jeni na chakula, wako wanaoshtuka. Mabadiliko haya yote niliyoyataja hayakufanywa katika maabara. Ni makosa ya kawaida ya kunakili, yanayotokea katika kila kiumbe. Aliyeyachagua ni mkulima wa zamani, mwenye jembe lake na ungo wake, ambaye hakujua lolote kuhusu DNA lakini alijua kutofautisha punje nzuri na mbaya. Mabadiliko ya GS3, kwa mfano, yalianza katika ukoo mmoja wa mpunga wa Asia kabla ya kuvuka na kuingia katika ukoo mwingine, kwa sababu watu walisafiri na mbegu na kuzipandisha pamoja.

Ni hivi majuzi tu, baada ya mwaka 2010, ambapo wataalamu walipata zana za kukata herufi wazitakazo ndani ya jeni kama GS3. Hata hivyo, walichofanya ni kurudia kwa makusudi lile ambalo bahati ilikuwa imelifanya zamani.

Mbona watoto wa mpunga hutofautiana?

Wanafunzi wa kidato cha nne wanamjua Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno aliyechapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1866. Njegere zake ama zilikuwa ndefu ama fupi, za mviringo ama zenye makunyanzi. Hesabu zake zilitoka safi. Katika kizazi cha pili tatu zilifuata upande mmoja na moja upande wa pili.

Jaribu hesabu hiyo kwa punje za mpunga, na utachanganyikiwa. Ukipandisha mpunga wa punje ndefu na wa punje fupi, wajukuu hawatagawanyika katika makundi mawili. Utapata wafupi, wafupi kiasi, wa wastani, warefu kidogo, warefu sana, ni kama ngazi isiyo na vidato. Je, Mendel alikosea?

La hasha! Tatizo ni kwamba njegere za Mendel ziliongozwa na jeni moja kwa kila sifa, ilhali ukubwa wa punje ya mpunga huongozwa na jeni nyingi. Kufikia sasa watafiti wamechambua kwa kina makumi kadhaa ya jeni hizo. Moja inavuta urefu, nyingine inasukuma upana, ya tatu inaathiri jinsi punje inavyojaa. Kila mjukuu anapata mchanganyiko wake, kama vile watoto wa baba mrefu na mama mfupi wanavyotofautiana kimo ingawa walizaliwa nyumba moja.

Lakini wataalamu wana ujanja wao. Huchukua mpunga mchanganyiko na kuurudisha kwa mzazi mmoja kizazi baada ya kizazi, mpaka jeni zote nyingine zinakuwa sawa na kubaki moja tu inayotofautiana. Watafiti wa Wuhan walipofanya hivyo kwa GS3, hesabu ya Mendel ilijitokeza waziwazi. Punje fupi zilikuwa robo tatu, na ndefu robo moja. Sababu yake ni rahisi ukiukumbuka mfano wetu. Mmea hupokea nyapara wawili, mmoja kutoka kwa kila mzazi. Akiwapo hata mmoja aliye mzima, kazi itasimamishwa kwa wakati unaofaa. Ni lazima wote wawili wawe wameharibika ndipo punje irefuke.

Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani tofauti ya sifa inayoongozwa na jeni moja na ile ya jeni nyingi, na asikose la kusema. Mfano wa pili anao mezani kila siku ya wali.

Kubwa si lazima iwe nyingi

Msomaji mwenye shamba huenda sasa anajiuliza, "Ikiwa punje inaweza kunenepeshwa kwa kuondoa herufi moja, mbona wataalamu wasitupe mpunga wenye punje kubwa kama maharagwe, njaa iishe?"

Ni swali la haki. Jibu lake limo katika hesabu za shambani. Mavuno ya mpunga hayategemei jambo moja bali manne, nayo ni idadi ya masuke, idadi ya punje katika kila suke, sehemu ya punje hizo zilizojaa, na uzani wa kila punje. Ukizidisha haya yote pamoja ndipo unapata gunia. Na mmea una akiba moja tu ya chakula, inayotokana na jua, maji na rutuba. Ukitoa kwingi huku, kule patapungua.

Watafiti wa Shanghai waliingiza ile jeni ya GW2 iliyoharibika katika mpunga wa punje ndogo. Uzani wa punje ulipanda kwa karibu asilimia 50. Ajabu kubwa! Lakini walipohesabu punje katika suke kuu, walikuta zimepungua kwa karibu asilimia 30. Mwishowe mavuno ya mmea mmoja yaliongezeka kwa asilimia 20 hivi. Si haba, lakini si nusu nzima iliyotarajiwa.

Tena kuna mambo ya jikoni. Punje iliyo pana mno mara nyingi huwa na doa jeupe kama chaki tumboni, mahali ambapo wanga haukushikamana vizuri. Punje ya namna hiyo hukatika upesi kinuni. Mkulima anapeleka gunia la mpunga akitarajia mchele, naye anarudishiwa chenga nyingi, na sote twajua bei ya chenga. Punje ndefu na nyembamba kupita kiasi nayo ina hatari yake, kwa maana huvunjika kama kijiti.

Ndipo tunaona busara ya basmati. Mwaka 2012 watafiti wa China walieleza kuhusu jeni nyingine, GW8, katika kromosomu ya 8. Hii si nyapara wa kusimamisha kazi. Ni mhimizaji anayewaharakisha mafundi wa upana. Katika basmati, sehemu ya mbele ya jeni hiyo, ile inayoiamuru ifanye kazi kwa nguvu kiasi gani, imebadilika na kuwa dhaifu. Kwa hivyo punje haitanuki. Inabaki nyembamba, na sura yake huwa nzuri. Hasara yake ni kwamba uzani nao unapungua.

Watafiti hao walionyesha pia kwamba mtaalamu akichagua kwa uangalifu namna ya GW8 na namna ya GS3, na kuziunganisha katika mmea mmoja, anaweza kupata mavuno mema bila kuharibu sura ya punje. Kazi hiyo hufanywa kwa kupandisha kama kawaida, ila mche huchunguzwa DNA yake ungali mchanga, badala ya kungoja mpaka utoe masuke.

Nasi Afrika tulikuwa na mpunga wetu

Wengi wetu tumefundishwa kwamba mpunga ulitoka Asia. Huo tunaokula zaidi ulitoka huko, na ulifika pwani yetu kwa vyombo vya bahari zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Lakini Waafrika wa magharibi, katika bonde la mto Niger, walikuwa wamefuga mpunga wao wenyewe kutokana na mpunga mwitu wa huko, yapata miaka 3,000 iliyopita.

Mpunga huo wa Afrika una jambo la kushangaza. Kwa kawaida, binadamu akifuga mmea, mbegu zake hukua kadiri miaka inavyopita. Lakini punje za mpunga wa Afrika ni ndogo kuliko za babu yake mwitu! Je, wazee wetu walichagua vibaya?

Mwaka 2017 watafiti wa China walitoa maelezo. Kuna jeni iitwayo GL4, ambayo katika mpunga wa Afrika ilibadilika herufi moja. Badiliko hilo lilifanya mambo mawili kwa mpigo. Lilipunguza urefu wa punje, na pia likazuia punje kupukutika zikiwa zimeiva. Mpunga mwitu hupukutika wenyewe, na mkulima akichelewa siku chache hukuta punje zake zimelala matopeni au zimo tumboni mwa ndege. Mkulima wa Niger alipoona mmea ambao punje zake zinamngojea, aliukumbatia. Ikiwa bei ya kuvuna mpunga wote ilikuwa kukubali punje ndogo, alilipa bei hiyo, na hakukosea.

Katika miaka ya 1990, Dakta Monty Jones wa Sierra Leone aliongoza kazi ya kuupandisha mpunga huo wa Afrika na ule wa Asia. Uzao wake, NERICA, umefika hadi Kenya, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2004.

Basi, pishori ni upi?

Turudi kwa yule mwenye duka na konzi yake ya mchele. Pishori ya Mwea katika kaunti ya Kirinyaga ni mpunga wa ukoo wa basmati, hasa ule uitwao Basmati 370. Ukoo huo ulichaguliwa katika kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku huko Punjab, mahali ambapo sasa pamo nchini Pakistan, na ukatolewa kwa wakulima mwaka 1933. Mavuno yake ni ya chini ukilinganisha na mpunga usio na harufu kama BW 196, lakini bei yake humfidia mkulima.

Mnunuzi anatakiwa kujua kwamba sifa tatu anazozipenda katika pishori hazikai katika jeni moja. Urefu unategemea sana GS3, katika kromosomu ya 3. Wali kuchambuka au kushikana hutegemea aina ya wanga, na jeni yake kuu iko katika kromosomu ya 6. Harufu ile inayowaita majirani inatokana na jeni nyingine kabisa, iitwayo BADH2, katika kromosomu ya 8, ambayo katika basmati imepoteza herufi 8. Kila moja inaweza kurithiwa peke yake. Kwa hivyo upo mchele mrefu usio na harufu hata chembe, na upo mchele mfupi wenye harufu nzuri. Jina la mpunga wa sindano, ambao tangu zamani umekuwa ukiuzwa kwetu, latokana na umbo lake, lakini haukunukia kama pishori.

Hapo ndipo walaghai hupata mwanya. Mchele mrefu wa bei ya chini ukichanganywa na pishori kidogo, macho hayatagundua, na harufu ya ile pishori chache itaufunika ule mwingine. Tusidhani kwamba ni tatizo letu pekee. Mwaka 2004 idara ya serikali inayosimamia viwango vya chakula nchini Uingereza ilitoa matokeo ya kuchunguza DNA ya michele iliyouzwa madukani kwa jina la basmati. Karibu nusu ya sampuli zilikutwa na mchele mwingine ndani yake.

Mkulima naye ana lake la kuchunga. Mbegu iliyochanganyika huzaa punje za vimo viwili au vitatu katika shamba moja. Mitambo ya kukoboa hutegwa kulingana na ukubwa wa punje. Ikitegwa kwa ajili ya zile nyembamba, zile nene huvunjika, na ikitegwa kwa ajili ya zile nene, nyembamba hutoka na kumvi zake. Mkulima anayenunua mbegu safi, na kung'oa miche migeni shambani kabla haijakomaa, huilinda bei yake mwenyewe.

Pima mwenyewe nyumbani

Zoezi hili linawafaa watoto siku kama ya leo, huku chakula kikiwa bado jikoni. Twaa rula ya shule na konzi ya mchele. Chagua punje 10 zisizovunjika bila kupendelea. Zipange juu ya karatasi kwa mstari mmoja, ncha ikigusa ncha. Pima urefu wote kwa milimita, kisha ugawe kwa 10. Halafu zipange ubavu kwa ubavu, upime tena na kugawa ili upate upana.

Kwa kipimo kinachotumiwa na watafiti wengi, punje yenye urefu wa milimita 5.5 au chini ni fupi. Ikizidi hapo hadi 6.6 ni ya wastani. Kutoka hapo hadi 7.5 ni ndefu, na ikizidi 7.5 ni ndefu sana. Sasa gawanya urefu kwa upana. Ukipata zaidi ya 3, punje yako ni nyembamba. Basmati 370 huwa karibu na milimita 7, na upana usiofika 2, kwa hivyo jibu lako lapaswa kupita 3 bila shida.

Kisha fanya jaribio la pili, ambalo ni muhimu zaidi. Mwaga konzi nyingine mezani na uwaambie watoto watenge punje nzima kwa urefu. Ukipata kundi moja lenye kimo kinacholingana, ni dalili njema. Ukipata makundi mawili yaliyo wazi, warefu huku na wafupi kule, ujue koo mbili zimekutana katika mfuko mmoja. Usimkimbilie mwenye duka na maneno makali, kwa maana huenda naye aliuziwa hivyo. Lakini una haki ya kumuuliza, na una haki ya kukataa kulipa bei ya pishori tupu.

Na hata kundi likiwa moja, bado hujamaliza. Rula haina pua. Pika kikombe kimoja kabla ya kununua gunia. Basmati halisi huwa wali ambao punje zake zimerefuka karibu maradufu bila kunenepa sana, na harufu yake haikuhitaji kuongezewa kitu.

Watoto nao, wakishamaliza kupima, waulize swali hili: kati ya punje fupi na punje ndefu, ni ipi ambayo nyapara wake bado yuko kazini? Atakayejibu bila kurudi juu ya ukurasa, mpakulie ukoko.

Tukijaliwa, Jumapili ijayo tutalitazama sufuria lenyewe, na kujua kwa nini ukoko hugeuka rangi na kuwa mtamu. Hadi wakati huo, kila la heri.